Hawa wa Wanasayansi
Nje ya kiini cha seli mna DNA ya mitokondria, ambayo kila mtoto huirithi kwa mama yake. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson waliilinganisha kwa watu 147 wa asili mbalimbali. Mabadiliko yaliyolimbikizana vizazi kwa vizazi yakawaelekeza kwa mama mmoja, aliyeishi Afrika yapata miaka 200,000 iliyopita. Magazeti yakamwita Hawa. Jina hilo lisitupotoshe: hakuwa mwanamke pekee wa zama zake. Wenzake walikuwako, ila nasaba ya kike hukatika mama azaapo wavulana tu. Basi, utafiti huu hauthibitishi simulizi la Mwanzo. Unaonyesha kwamba mataifa yote yana undugu wa tumbo moja.