Je, Wajua? Mizigo ya Mgeni wa Kabambare

Je, wajua kwamba kasha la mgeni aliyewahi kukaa Kabambare lilibaki Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, zaidi ya miaka miwili likingoja wa kulichukua? Mgeni huyo ni msafiri Mskoti David Livingstone. Vidonda vya miguu vilimzuia Kabambare, aliyoiandika Bambarre, tangu Julai 1870 hadi Februari 1871. Karatasi zikamwishia, akawa anaandika juu ya kurasa za vitabu na magazeti ya zamani, wakati mwingine kwa wino wa mbegu nyekundu za mzingefuri. Barua moja aliyoiandika hapo ilififia mno, hata ikasomeka vizuri mwaka 2010 tu, kwa picha za mianga maalumu.

Machi 1872 alimkabidhi mwandishi wa habari Stanley shajara yake, imefungwa kwa lakiri, aifikishe Uingereza. Kasha la Ujiji halikwenda. Ni msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron aliyelifuata Februari 1874, akalituma pwani, kisha yeye akashika njia ya Manyema hadi Nyangwe.

Na ushuru wa mizigo njiani? Wakati huo uliitwa hongo: nguo na shanga alizotozwa mwenye msafara kila alipoingia nchi ya mtawala mwingine. Huko Uha, Novemba 1871, Stanley alichoka kulipa, akapita porini usiku kuwakwepa watozaji.

Lakini hakuna waliovusha mzigo mgumu kama watumishi wa Livingstone, Susi, Chuma na wenzao. Livingstone alifariki Mei 1873, nao wakaubeba mwili wake pamoja na vitu vyake kuelekea Bagamoyo. Kasekera, ng'ambo ya Tabora, wenyeji walikataa maiti isipite. Basi wakatengeneza maiti ya uongo kwa mabua ya mtama, wakaiviringisha nguo, na watu sita wakaibeba kana kwamba wanarudi Tabora kuizika. Porini waliyatupa mabua. Mwili wenyewe ulifungwa upya ukafanana na robota la kawaida la nguo, ukapita. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Majina ya watu hawa yanastahili kutajwa kabla ya la mzungu yeyote aliyesifiwa kwa safari hizo.

Mwaka huohuo, tarehe 9 Oktoba 1874, nchi 22 zilitia saini mjini Bern mkataba uliozaa Umoja wa Posta wa Dunia. Kutoka kwa umoja huo ndiko zilikotoka fomu za forodha CN 22 na CN 23, anazojaza leo anayemrudishia mgeni miwani au viatu alivyosahau. Eleza kitu kwa jina lake, andika kwamba kimetumika na kinarudishwa kwa mwenyewe, taja thamani yake ya kweli. Neno "zawadi" lisiandikwe, maana si zawadi. Ushuru, ukitozwa, kwa kawaida hudaiwa mpokeaji, kwa hiyo mwambie mapema, kabla kifurushi hakijaondoka Kabambare.