Mahindi baada ya mpunga: Mabua usichome, urea usicheleweshe

Mahindi mabichi yakiadimika wakati wa kiangazi, mwenye nayo hupata bei nzuri katika soko la Soweto jijini Mbeya. Ndiyo maana baadhi ya wakulima wa mpunga katika bonde la Usangu wilayani Mbarali, na wenzao wa Pawaga mkoani Iringa, wakishavuna mpunga hupanda mahindi katika majaruba yale yale ili kutumia unyevu uliobaki.

Tatizo ni kwamba wengi huanza kwa kuchoma mabua ya mpunga, kisha hupanda bila mbolea wakiamini kwamba ile ya mpunga bado imo ardhini. Mambo yote mawili yanawatia hasara.

Tuanze na mabua. Ekari inayotoa gunia 20 za kilo 100 huacha mabua yanayokaribia tani mbili. Kila tani ina naitrojeni kilo 5 hadi 8 na potasiamu kilo 12 hadi 17. Ukichoma, karibu naitrojeni yote hupotea hewani. Kwa tani mbili ni kilo 10 hadi 16, wakati mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Kwa maneno mengine, moto mmoja unateketeza takriban nusu mfuko wa urea. Potasiamu nyingi hubaki katika majivu, lakini majivu hayo hukaa pale tu mabua yalipolundikwa.

Vivyo hivyo, mkulima anayewaruhusu wafugaji kuingiza ng'ombe bure ajue kwamba anatoa mali. Ni vema wapatane bei, au walipane kwa samadi.

Hata hivyo, mabua yana kasoro yake. Yakifukiwa, vijidudu vinavyoyaozesha hutumia naitrojeni ya udongo, na mahindi machanga hugeuka manjano. Kuna njia mbili za kuepuka hali hiyo. Kama udongo una unyevu wa kutosha, fukia mabua wiki mbili hadi tatu kabla ya kupanda. Kama unyevu ni mdogo, yaache juu ya ardhi katikati ya mistari kama matandazo. Njia ya pili inafaa zaidi kiangazi kwa sababu hupunguza upotevu wa maji. Maji ya Usangu ndiyo yanayoingia Mto Ruaha Mkuu, mto ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha.

Sasa mbolea. Jaruba likiwa na maji, fosforasi hupatikana kwa urahisi. Maji yakikauka, udongo huing'ang'ania, na mahindi hukosa kitu ambacho mpunga ulikipata. Kwa hiyo DAP ni muhimu wakati wa kupanda hata kama mpunga ulistawi. Kwa nafasi ya sentimeta 75 kwa 60, mimea miwili kila shimo, ekari ina mashimo yapatayo 8,900. Kifuniko kimoja cha soda kwa shimo hutumia takriban mfuko mmoja. Mbolea isigusane na mbegu.

Urea nayo mfuko mmoja kwa ekari, ila ugawanywe. Weka nusu ya kwanza wiki mbili hadi tatu baada ya mahindi kuota, bila kusubiri yafike magotini, na nusu ya pili kabla ya kutoa mbelewele. Ifukie kwenye udongo wenye unyevu, kwani urea iliyoachwa juu ya ardhi hugeuka gesi na kupotea.

Kwa wenye maduka ya pembejeo, somo ni kuwa na DAP dukani mara mavuno ya mpunga yanapoanza. Mteja anayeikosa wiki ya kupanda hawezi kuifidia kwa urea ya baadaye.

Udongo wa mashamba hautofautiani kwa jina la kijiji tu. Mwenye mashaka awaone wataalamu wa TARI Uyole au bwana shamba wa kata, kisha ajaribu kwanza robo ekari. Afananishe gharama na mauzo ya robo hiyo na ya sehemu aliyozoea, ndipo aamue msimu unaofuata.