Joto Ndani ya Phaedra

Mwishoni mwa mwaka 1973, katika studio ya The Manor kijijini Shipton-on-Cherwell, Uingereza, wanamuziki watatu kutoka Berlin walikuwa wakihangaika na mtambo usiotaka kutulia. Edgar Froese, Christopher Franke na Peter Baumann, yaani kundi la Tangerine Dream, walikuwa na sinthesaiza kubwa ya Moog, imejaa vifundo na nyaya za kuchomeka, na kadiri ilivyopata joto ndivyo sauti yake ilivyohama. Siku moja kanda ikiwa inazunguka, besi ilianza kuteleza, na Franke akawa anairudisha kwa mkono huku mashine ikiendelea kupiga. Mteremko huo umo hadi leo ndani ya Phaedra, wimbo ulioipa jina albamu yao iliyotoka Februari 1974.

Ndani ya Moog ya zama zile, noti ni kiasi cha umeme tu. Ukiongeza volti moja, sauti inapanda oktava nzima: mitetemo 110 kwa sekunde inakuwa 220, ongeza volti nyingine, inakuwa 440. Nusu toni, yaani hatua kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachokifuata, ni sehemu ya kumi na mbili ya volti, takriban milivolti 83.

Sikwensa ndiyo inayogawa volti hizo. Moog 960 ina vifundo vinane vinane katika safu tatu, kama ubao wa bao uliopunguzwa safu moja. Unageuza kila kifundo hadi upate noti unayoitaka, kisha saa ya umeme inaanza kupiga, na kila pigo linahamia kifundo kinachofuata. Baada ya cha nane inarudi cha kwanza, bila kuchoka. Sikwensa mbili zikienda pamoja, moja ya hatua 8 na nyingine ya hatua 6, zitakutana tena mwanzoni baada ya hatua 24, na katikati sikio linasikia mifumo ambayo hakuna aliyeipanga. Franke alikuwa mpiga ngoma kabla ya kushika mashine hii, na kwa maoni yangu jambo hilo linasikika: mzunguko wake haukai hivi hivi, kila mara kuna noti iliyosogezwa au kichujio kilichofunguliwa kidogo.

Sasa turudi kwenye joto. Ili volti moja izae oktava moja, oskileta, yaani sehemu inayozalisha mitetemo ya sauti, hutegemea tabia ya transista: volti ikiongezeka kidogo kwa hatua sawa, mkondo unaongezeka kwa kuzidishwa. Tabia hiyo inalifaa sana sikio la binadamu, kwa kuwa nalo husikia oktava kama kuzidisha kwa mbili. Lakini kanuni hiyohiyo ya fizikia imefungamana na joto. Kila nyuzi moja ya Selsiasi hubadilisha kipimo hicho cha volti kwa oktava kwa takriban asilimia 0.33. Yaonekana ni kidogo. Chukua noti iliyo oktava tatu juu ya kituo cha oskileta isiyo na kinga, pandisha joto nyuzi 5: imepotoka zaidi ya nusu ya nusu toni. Hata asiyesomea muziki atalisikia hilo. Baadaye watengenezaji waliweka transista pacha zinazoshiriki joto moja, pamoja na rezista zinazobadilika ili kufuta kosa hilo, na kompyuta za leo hazina tatizo hilo kabisa.

Na anga za juu, ambazo msikilizaji huzihisi katika muziki huu, zinaingiaje, ilhali huko hakuna hewa ya kubeba sauti? Zinaingia kupitia mwangwi. Ubongo hukadiria ukubwa wa mahali kwa muda ambao sauti huchukua kufifia. Mwangwi ukirefushwa kupita ule wa ukumbi wowote unaoujua, akili inakosa kuta, na msikilizaji anajiona yuko mahali pasipo mwisho.

Ninaamini kwa dhati kwamba muziki huu ungekuwa mkavu kama volti zisingeyumba. Wanaotengeneza programu za kuiga sinthesaiza za kale wanalijua hilo, ndiyo maana wengi wao huongeza myumbo huo kwa makusudi. Tafuta Phaedra, vaa spika za masikioni, na uifuatilie besi peke yake tangu inapoingia. Usiruke mbele, sikiliza inavyohama.