Nyuki, Dawa ya Magugu na Bakteria wa Utumbo

Nyuki kibarua anapotoka katika chumba cha sega, utumbo wake bado haujakaliwa na bakteria wake wa kawaida. Huwapata katika siku chache za mwanzo, kwa kuishi pamoja na wenzake mzingani. Miongoni mwao, Gilliamella husaidia kumeng'enya chavua, na Snodgrassella hujipanga juu ya ukuta wa utumbo. Kwa pamoja huwa ngao dhidi ya vimelea vya maradhi.

Glifoseti, dawa ya kuua magugu inayotumika sana duniani, huzuia kimeng'enya ambacho mimea hukihitaji ili kuunda baadhi ya asidi amino. Wanyama hawana kimeng'enya hicho, na kwa sababu hiyo dawa hii ilidhaniwa kuwa salama kwa nyuki. Hata hivyo, bakteria wengi wa utumbo wa nyuki wanacho.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwalisha nyuki maji ya sukari yenye glifoseti, kwa viwango vinavyoweza kukutwa mashambani. Bakteria wao walipungua, hasa Snodgrassella. Nyuki wachanga walipoambukizwa Serratia marcescens, takriban nusu ya wale ambao hawakupewa dawa walikuwa hai baada ya siku nane; miongoni mwa waliopewa, alibaki takriban mmoja kati ya kumi.

Wahudumu wa afya wanamfahamu Serratia: huambukiza hata wagonjwa waliolazwa, hasa watoto wachanga na waliowekewa mipira ya mkojo.

Matokeo haya ya nyuki si ushahidi kwamba glifoseti humdhuru binadamu kwa njia hiyohiyo. Lakini kanuni yake inajulikana wodini. Antibiotiki huua pia bakteria wenye manufaa, na Clostridioides difficile akapata nafasi ya kustawi na kusababisha kuhara kukali, kunakoweza kuua.

Kwa hiyo mkulima asinyunyizie dawa mimea iliyochanua, wakati nyuki wanapoitembelea. Mgonjwa naye asinunue antibiotiki bila kupimwa wala kuandikiwa. Akianza kuharisha wakati wa matibabu au wiki chache baadaye, arudi kituoni mapema na kutaja dawa aliyotumia. Na mhudumu asisubiri kutajiwa, aulize.