Wolfgang Zeller, Mtunzi wa Muziki wa Filamu ya Serengeti

Wolfgang Zeller alikuwa mtunzi wa muziki wa filamu wa Kijerumani. Wakazi wa Kanda ya Ziwa wanahusiana naye kupitia Serengeti darf nicht sterben (1959), filamu kuhusu hifadhi ambayo upande wake wa magharibi unakaribia Ghuba ya Speke, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma.

Alizaliwa mwaka 1893 huko Biesenrode. Alisomea fidla na utunzi, na katika miaka ya 1920 akaongoza muziki katika ukumbi wa maigizo wa Volksbühne, Berlin. Wakati huo filamu hazikuwa na sauti. Wanamuziki walipiga ukumbini huku picha zikionyeshwa, hivyo mtunzi alipaswa kulinganisha kila kipande na mwendo wa picha. Zeller alifanya hivyo katika Die Abenteuer des Prinzen Achmed (1926) ya Lotte Reiniger, iliyotengenezwa kwa vivuli vya karatasi kutokana na hadithi za Alfu Lela Ulela. Hiyo ndiyo filamu ndefu ya katuni kongwe kuliko zote zilizosalia.

Sauti ilipoingia, Zeller hakuachwa nyuma. Alitunga muziki wa Melodie der Welt (1929) ya Walter Ruttmann, kisha wa Vampyr (1932) ya Carl Theodor Dreyer, ambamo wahusika husema machache na muziki hubeba hofu.

Wanazi waliposhika madaraka aliendelea na kazi. Mwaka 1940 aliitungia muziki Jud Süß, filamu ya propaganda iliyochochea chuki dhidi ya Wayahudi. Baada ya vita, mwaka 1947, akatunga muziki wa Ehe im Schatten, inayosimulia mwigizaji na mkewe Myahudi waliojiua kwa kuandamwa na utawala uleule.

Filamu ya Serengeti ilitengenezwa na Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliohesabu wanyama na kufuatilia misafara ya nyumbu kwa ndege iliyopakwa milia ya pundamilia. Michael alifariki tarehe 10 Januari 1959, ndege hiyo ilipogongana na tumbusi. Kwa kuwa wanyama hawana mazungumzo ya kuendesha hadithi, kazi hiyo iliwaangukia msimulizi na muziki wa Zeller. Mwaka 1960 filamu ilipata tuzo ya Oscar ya filamu za uhalisia. Zeller alifariki Berlin mwaka 1967.