Je, Wajua? Sola Juu ya Paa la Umma

Je, wajua kwamba ofisi ya kata inaifaidi sola kuliko nyumba unayolala? Nyumbani taa huwashwa jua likishazama, ndiyo maana fedha nyingi ya sola ya nyumbani huishia kwenye betri. Shule, zahanati na ofisi za serikali hufunguliwa asubuhi na kufungwa alasiri. Mashine ya fotokopi na jua viko zamu moja.

Ukitaka kuona jambo hili linaweza kuufikisha wapi mji mdogo, tazama Wildpoldsried, kijiji cha watu kama 2,600 huko Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1999 halmashauri yake iliwauliza wakazi wanataka kijiji chao kiweje. Majibu yakazaa mpango wa mambo matatu: nishati jadidifu, ujenzi wa mbao, na kutunza maji. Paneli zikapandishwa kwenye paa za majengo ya kijiji, za mazizi na za nyumba za watu; ikaja biogesi, ikaja na mitambo ya upepo. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2000 ilimhakikishia anayeingiza umeme wake kwenye gridi bei maalumu kwa miaka 20, hivyo mkulima aliweza kupiga hesabu kabla ya kukopa. Leo kijiji huzalisha umeme zaidi ya mara tano ya ule kinaotumia. Na huko theluji hulala juu ya paa, wakati Dodoma na Shinyanga jua ni la kumwaga!

Huko Batesville, mji mdogo wa jimbo la Arkansas, Marekani, ukaguzi wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba shule za umma zinalipia nishati zaidi ya dola 600,000 kwa mwaka. Zikafungwa paneli karibu 1,500, nyingi kwenye uwanja uliokuwa umekaa bure, na taa na madirisha yakabadilishwa. Sehemu kubwa ya fedha iliyookolewa ilikwenda kwenye mishahara ya walimu.

Paneli hupenda mwanga, lakini joto huipunguzia nguvu: kila nyuzi 1 juu ya 25 huondoa kama asilimia 0.4 ya umeme wake. Kwa hiyo fundi mzuri huacha nafasi kati ya bati na paneli, upepo upite. Tena Songea ataielekeza kaskazini, na Marsabit kusini, kwa sababu ikweta iko katikati yao.

Linalonigusa zaidi ni friji ya chanjo. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Friji za sola za zamani zilitegemea betri, na betri ikifa, zahanati isiyo na bajeti hubaki na friji ya moto chini ya paneli nzima. Naona ni kosa kubwa kutenga fedha ya kufunga sola na kuisahau ya betri. Friji mpya hazina betri hiyo: mchana umeme wa paneli hugandisha maji yaliyomo ndani ya kuta zake, na usiku barafu hiyo huzilinda chupa. Shirika la Afya Duniani linataka zihimili angalau siku tatu bila jua. Saa moja asubuhi, baada ya mvua ya usiku kucha, nesi anafungua mfuniko, anasoma kipimajoto na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni: nyuzi 4.