Mtandao wa nyumbani kwa utiririshaji wa michezo

Mtandao wa nyumbani kwa utiririshaji wa michezo ni mpangilio wa modemu, ruta na kebo unaomwezesha mchezaji wa michezo ya video kurusha mchezo wake mubashara kupitia intaneti, kwa mfano kwenye Twitch, tovuti iliyoanzishwa Marekani mwaka 2011.

Mtazamaji hutegemea kasi ya kupakua, lakini mrushaji hutegemea kasi ya kupakia. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080 yenye fremu 60 kwa sekunde kwa kawaida hurushwa kwa takriban megabiti 6 kwa sekunde, mfululizo. Katika laini za ADSL kasi ya kupakia ni ndogo kuliko ya kupakua.

Kebo ya Ethernet aina ya Cat 5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri, lakini huvurugwa na ruta za majirani na oveni za maikrowevu. Ile ya gigahezi 5 ina kasi zaidi, ila hudhoofishwa na kuta.

Kabla ya kununua ruta mpya, kasi ya kupakia hupimwa kwa kompyuta iliyounganishwa kwa kebo. Ikiwa bado ni ndogo, huenda tatizo liko kwenye laini, na ruta mpya haitalitatua. Ikitosha kwa kebo lakini si kwa Wi-Fi, kebo ndiyo tiba rahisi.